Mchwa waliojificha ndani ya nyumba: wanavyojulikana kabla mbao haijavunjika

Mvua za kwanza zinaponyesha baada ya kiangazi kirefu, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuzingira taa, na swali lilelile hurudi: je, hawa ndio watakaoila nyumba yangu? Wapo wanaowapulizia dawa usiku kucha, asubuhi wakafagia mabawa na kuamini kazi imekwisha. Wapo pia ambao hawajawahi kuona hata kumbikumbi mmoja, wakajipa moyo kwamba nyumba yao ni salama, kumbe fremu ya mlango imebaki ganda la rangi tu. Wote wamepotezwa na jambo moja. Wanamsubiri mdudu ajitokeze, ilhali mchwa huishi karibu maisha yake yote akiwa amejificha. Kinachoonekana ni alama anazoacha, na alama hizo husomeka vizuri ukishajua zinatokana na nini.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Mchwa huishi kwa makundi na, ingawa wengi humhesabu pamoja na sisimizi, ndugu yake wa karibu ni mende. Ndani ya kundi kuna malkia na mfalme, kuna wafanyakazi wanaotafuta chakula na kujenga, kuna askari wenye vichwa vikubwa na taya kali, na kwa msimu huzaliwa wenye mabawa. Hao wenye mabawa ndio kumbikumbi. Ni vijana wa kundi lilelile waliofikia umri wa kuoana na kwenda kuanzisha makao yao. Chakula cha mchwa ni selulosi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mbao, karatasi, maboksi na nguo za pamba. Baadhi yao huisaga kwa msaada wa vijidudu wanaoishi tumboni mwao, na wengine, hasa barani Afrika na Asia, hulima kuvu ndani ya kichuguu ili iwasaidie kukivunjavunja chakula hicho.

Zimetambuliwa spishi zipatazo 3,000 za mchwa duniani, na zinazosumbua majengo ni sehemu ndogo tu. Wengi waliobaki hula majani makavu, nyasi na magogo yaliyooza, na wanairutubisha ardhi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kuona mchwa uwanjani peke yake si habari mbaya.

Mfanyakazi wa mchwa ana mwili laini, mweupe, wenye ngozi nyembamba sana. Hewa kavu humkausha upesi, akafa. Ukilishika jambo hilo moja, tabia zake zote za kujificha zinaeleweka, kwa sababu kila aina ya mchwa imebidi itafute njia ya kutunza unyevu. Wanaoharibu nyumba wamegawanyika katika njia kuu mbili. Kuna mchwa wa ardhini, ambao makao yao yako kwenye udongo wenye unyevu na hupanda hadi kwenye mbao kwa njia zilizofunikwa. Na kuna mchwa wa mbao kavu, ambao huishi ndani ya mbao yenyewe bila kugusa udongo kabisa, wakibana kila tone la maji lililomo kwenye chakula chao. Lipo kundi la tatu linalopenda mbao zilizolowa, lakini huko tatizo lako la kwanza ni maji yanayovuja.

Basi anayekagua nyumba yake anatakiwa kujiuliza kwanza: ninachokiona hapa ni udongo, au ni chembe? Jibu lake hubadilisha kila kitu kinachofuata, kuanzia mahali pa kutafuta hadi dawa itakayofaa.

Udongo: mchwa wa ardhini

Alama yao kubwa ni vijia vya udongo. Ni vichirizi vyenye upana wa penseli hivi, wakati mwingine vipana zaidi, vinavyopanda kutoka ardhini kando ya msingi, ukutani, kwenye bomba au nyuma ya kabati. Kila kijia kimejengwa kwa punje za udongo zilizogandishwa kwa mate na kinyesi cha mchwa, na ndani yake hewa hubaki na unyevu. Kuna aina nyingine ambazo, badala ya vijia vyembamba, hulifunika eneo zima la mbao kwa ganda jembamba la udongo na kula chini yake.

Kijia hicho kinafaa kutazamwa kwa karibu. Bandua sehemu fupi katikati, kiasi cha upana wa vidole viwili, uache ya juu na ya chini. Ikiwa njia inatumika, mara nyingi utaona wadudu weupe wakikimbia kurudi gizani, kisha askari wanajitokeza kwenye ukingo wa pengo na kusimama vichwa vikiwa vimeelekea nje. Nyuma yao wafanyakazi huanza kazi. Mmoja analeta punje, anaigandisha, anaondoka, na mwingine anakuja na ya kwake. Rudi baada ya siku mbili tatu. Pengo likiwa limezibwa kwa udongo mbichi wenye rangi nzito kuliko ule wa zamani, umepata ushahidi wa wazi kwamba kundi liko kazini.

Lakini pengo likibaki wazi, usishangilie. Mchwa huiacha njia iliyobomolewa na kufungua nyingine mahali usipopaona. Kijia kikavu, kinachovunjika kwa urahisi na kisicho na mdudu ndani, hueleza kwamba walipita hapo, basi. Hakisemi kama wameondoka kwenye nyumba.

Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu ya umbali. Kijia ni sawa na doa la maji kwenye dari: pale linapoonekana si lazima ndipo paa lilipotoboka. Wafanyakazi wa mchwa wa ardhini husafiri makumi ya mita kutoka kwenye makao yao, na kwa mchwa anayejulikana kitaalamu kama Coptotermes formosanus, mwenye asili ya mashariki ya Asia, umbali huo unaweza kufika kama mita 100 na kundi moja likawa na wafanyakazi mamilioni. Kijia kilicho jikoni kinaweza kuwa kimeanzia kwenye kisiki kilichozikwa nje ya uzio.

Ndani ya mbao, mchwa wa ardhini hula kwa kufuata nyuzi. Huanza na tabaka laini na kuacha yale magumu, hivyo ukiipasua mbao iliyoliwa utaona kurasa kurasa, katikati yake kuna udongo uliogandamana. Uso wa nje hawaugusi, kwa sababu ndio unaowakinga na hewa. Ndiyo maana fremu inaweza kung'aa kwa rangi, na kidole kikazama ndani yake.

Chembe: mchwa wa mbao kavu

Hawa hawajengi vijia. Kundi lao ni dogo, kwa kawaida mamia hadi maelfu machache, na linaweza kuishi miaka ndani ya mguu wa meza au ubao mmoja wa dari. Kinachowafichua ni kinyesi. Ili wasijaze vyumba vyao, hutoboa kitundu chenye upana wa milimita moja au mbili, wakasukuma kinyesi nje, kisha wakakiziba tena. Chini yake hubaki kirundo kidogo ambacho wengi hukifagia wakidhani ni mchanga au vumbi la mbao.

Chukua chembe chache, uziweke kwenye karatasi na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Si vumbi. Kila moja ni kipande kigumu chenye urefu wa takriban milimita moja, ncha zake zimeviringika na pande zake ni sita, zilizobonyea kidogo. Umbo hilo hutokea kwenye mwisho wa utumbo wa mdudu, ambako kila chembe hubanwa kwa misuli na kukamuliwa maji kabla ya kutoka. Ukizisugua kati ya vidole zinakwaruza kama mchanga mkavu. Sijui alama nyingine ya mchwa iliyo rahisi kuthibitisha kuliko hii, na nasikitika jinsi inavyofagiliwa kila siku pasipo kutazamwa.

Tatizo ni kwamba chembe za zamani huendelea kudondoka hata kundi likishakufa, hasa mlango unapobamizwa au samani inaposogezwa. Rangi yake haisaidii kujua umri. Njia ya kuaminika ni kufagia pasafi, kutandika karatasi yenye rangi tofauti, na kuacha bila kugusa. Kirundo kipya kikijitokeza palepale bila kitu kutikiswa, humo ndani kuna uhai.

Mchwa hawa husafiri mbali zaidi kwa samani kuliko kwa mabawa. Cryptotermes brevis, ambaye asili yake ni pwani kavu za Peru na Chile, leo yupo katika mabara mengi kwa sababu alisafirishwa ndani ya viti, masanduku na mbao za meli. Kabati la mtumba lenye kirundo cha chembe chini yake halifai kuingia chumbani kabla halijatibiwa.

Kumbikumbi wanasema nini hasa

Sasa turudi kwa wale wa kwenye taa. Kumbikumbi hawali nyumba. Wanaruka kwa muda mfupi, wanatua, wanapukutisha mabawa, kisha dume na jike hutembea wakifuatana kutafuta mahali pa kuingia. Wengi mno huishia kwa ndege, mijusi na vyura. Waliovutwa na taa ya nje wanaweza kuwa wametoka mbali, na kuja kwao hakuthibitishi lolote kuhusu nyumba yako.

Wakitoka ndani, habari ni nyingine. Ukiona kumbikumbi wakichomoza kwenye ufa wa sakafu au nyuma ya fremu, au ukikuta mabawa yamerundikana kwenye kizingiti cha dirisha ambalo halikufunguliwa, walizaliwa humo au karibu sana na humo. Na kwa kuwa kundi jipya huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa kumbikumbi wake wa kwanza, hao wanakuambia kwamba tatizo si la juzi.

Usiwachanganye na sisimizi, ambao nao huwa na msimu wa mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu unaolingana, kiuno kinene na vipapasio vya kichwani vilivyonyooka. Sisimizi ana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, kiuno kilichominywa na vipapasio vilivyopinda katikati. Ukiwa na mabawa tu mkononi, linganisha urefu wake.

Kupekua nyumba

Vifaa ni vitatu: tochi, bisibisi na subira. Tochi usiielekeze ukutani moja kwa moja. Ilaze karibu na ukuta, mwanga ukwaruze uso wake, na kila kivimbe na kichirizi kitatoa kivuli. Kwa mpini wa bisibisi gonga mbao taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukisikiliza mahali sauti inapobadilika kutoka nzito kuwa tupu. Hapo bonyeza kwa ncha. Mbao nzima hukataa, iliyoliwa hupokea.

Anza na mahali mbao inapokutana na sakafu au udongo: miimo ya milango, mbao za chini ya ukuta, nguzo za baraza, ngazi. Mwimo uliozamishwa ndani ya zege la sakafu ni wa kuangaliwa kwanza, kwa sababu mchwa anaweza kuufikia kwa chini bila kutokeza nje hata kidogo. Kisha fuata maji. Chini ya masinki, nyuma ya bafu, kwenye ukuta ambao bomba hupita na mahali maji ya paa yanapodondokea, unyevu huwavuta mchwa, na upenyo uliozunguka bomba huwapa njia. Nyuma ya kabati zilizogusana na ukuta pasisahaulike, wala maboksi ya vitabu yaliyokaa sakafuni. Kwa mchwa, boksi hilo ni chakula kilicho mahali penye giza na pasipoguswa.

Panda darini ukiweza. Kagua boriti na kenchi pale zinapokalia ukuta, maana vijia hupanda ndani ya kuta zenye uwazi na kujitokeza huko juu. Usikanyage mbao ambayo hujaigonga kwanza. Nje, zunguka msingi mzima na uondoe udongo au mimea iliyoegemea ukuta. Mabaki ya mbao zilizotumika kufungia zege, ambazo mafundi huziacha zimefukiwa, ni karamu ya kwanza ya mchwa karibu na nyumba mpya.

Zipo dalili ambazo zina maana zaidi ya moja. Rangi iliyovimba inaweza kuwa mchwa au unyevu wa ukuta. Mlango unaokwama unaweza kuwa umevimba kwa mvua tu. Zichukue kama sababu ya kugonga na kubonyeza. Ukiona udongo ukitokeza kwenye soketi au swichi, usifungue mwenyewe. Umeme uzimwe na fundi aitwe.

Na si kila mbao iliyotobolewa ni kazi ya mchwa. Fukusi huacha matundu ya mviringo yaliyo wazi na unga laini sana, ambao hauna chembe zenye pande. Wapo sisimizi wakubwa wanaochimba mbao ili waishi humo bila kuila, na takataka zao ni nyuzi za mbao zilizochanganyika na vipande vya wadudu. Kuvu nayo huozesha mbao ikawa laini au ikapasuka vipande vipande, bila mdudu yeyote. Dawa ya mchwa inayotiwa ardhini haitaponya hata kimoja kati ya hivi.

Wataalamu wana vifaa zaidi, na hapa matangazo hukoroga mambo. Kamera ya joto haioni kupita ukuta, inaonyesha tofauti za joto kwenye uso wake. Kipima unyevu hupima unyevu, na bomba linalovuja litatoa namba ileile. Vipo pia vifaa vya kusikiliza mtafuno ndani ya mbao, na mbwa waliofunzwa kunusa mchwa. Vyote hupunguza eneo la kutafuta, lakini neno la mwisho hubaki kwa mdudu mwenyewe, chembe au udongo.

Yanayosemwa ambayo si kweli

La kwanza, na ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote, ni kwamba nyumba ya tofali na zege haiwezi kuingiwa na mchwa. Kweli, mchwa hali zege. Anahitaji tu ufa usiozidi milimita moja, na ndani ya nyumba hiyo kuna milango, makabati, dari, vitabu na mbao za paa. Nyumba ya zege ina ubaya wake pia, kwa kuwa njia zake nyingi ziko chini ya sakafu ambako jicho halifiki.

Linalofuata ni la kichuguu: eti kama hakuna kichuguu, hakuna mchwa. Spishi nyingi zinazoharibu majengo hazijengi kichuguu kabisa, na za mbao kavu hazina haja na ardhi. Vilevile kichuguu kilicho jirani kinaweza kuwa cha mchwa wanaokula nyasi tu.

Husemwa pia kwamba ukimuua malkia umemaliza. Katika spishi nyingi kundi linaweza kupata wazazi wengine akifa wa kwanza, na tawi lililokatwa kutoka kwa kundi mama linaweza kujitegemea. Kuchimbua malkia ni kazi nzito, na mara nyingi haitoshi.

Mbao ngumu? Kiini cha mtiki hustahimili mchwa vizuri, ila sehemu nyeupe ya nje ya mti huohuo huliwa, na kiini chenyewe hupungua nguvu kikilowa na kukauka kwa miaka. Rangi peke yake haitoshi kuwazuia. Oili chafu iliyomwagwa kuzunguka msingi huacha mapengo ambayo mchwa hupitia, na inaichafua ardhi na maji ya kunywa. Hilo la oili nalipinga kwa nguvu zote.

Ukishawapata

Kishawishi cha kwanza ni kunyunyizia dawa ya kuulia mbu. Jizuie. Utaua wachache walio mbele yako, wengine watahamia upande mwingine wa ukuta, na ushahidi wa njia yao utakuwa umeuvuruga mwenyewe. Piga picha, weka alama ya tarehe ukutani kando ya kijia au kirundo, na kusanya wadudu kadhaa kwenye chupa ndogo yenye spiriti. Hakikisha askari yumo, kwa sababu wataalamu hutambua spishi nyingi kwa kichwa na taya zake. Chembe zihifadhi kavu.

Fundi wa kuua wadudu anapokuja, mwombe akuonyeshe alichokiona na akuambie ni mchwa wa ardhini au wa mbao kavu kabla hajataja dawa. Wa ardhini hutibiwa kwa dawa inayotiwa kwenye udongo kuzunguka na chini ya msingi, au kwa chambo ambacho wafanyakazi hukibeba na kuligawia kundi. Wa mbao kavu hutibiwa ndani ya mbao yenyewe, kwa kuidunga dawa, kwa joto au kwa kufukiza nyumba. Anayetaka kutia dawa ardhini kwa ajili ya chembe zinazodondoka darini hajasoma alama, na una haki ya kumtafuta mwingine. Zipo pia sumu za zamani kama klodeni na dieldrini, zilizowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, mkataba wa kimataifa wa kuzuia kemikali za aina hii, kwa sababu hukaa miaka mingi kwenye udongo na miilini mwetu. Soma jina lililo kwenye chombo cha dawa kabla hakijafunguliwa ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Boriti au kenchi ikiwa imeliwa, fundi ujenzi aitazame kwanza na aiegemeze, maana dawa huua mchwa lakini hairudishi nguvu ya mbao. Baada ya hapo rudia ukaguzi wa sehemu zilezile angalau mara moja kwa mwaka, na tena kila unapobadilisha bomba, kuvunja sakafu au kuingiza samani za mtumba.